Kwa Mama Mkwe Aliyemweleza Ndama

Mama mpendwa, mama wa Nyabuto,

Ungekuwapo ungenicheka. Ungesema, "Kwamboka, tangu lini watu wa jiko moja wakaandikiana barua?" Na ni kweli. Miaka yote tuliyoishi boma moja pale juu ya Nyaramba sikukuandikia hata neno, maana ukinihitaji uligonga sufuria kwa mwiko nami nikaja mbio. Leo hakuna wa kugonga. Nimeketi mlangoni na kalamu ya mjukuu, mgongo nimeuegemeza ukutani, na nina maneno ambayo nikimwambia mtu mwingine ataniona nazeeka vibaya.

Unakumbuka pareto? Uhuru ulikuwa bado mpya, nami nilikuwa bi harusi mpya vilevile, na kila boma lilikuwa na pareto yake. Mlima wote ulikuwa mweupe kwa maua. Wewe ulichuma kwa mikono miwili, haraka, kama mtu anayekamua ng'ombe aliyekataa kusimama. Mimi niliyekuwa nimesoma mpaka darasa la saba nilichuma kwa vidole viwili, nikiogopa kuchafua kucha. "Mwalimu!" ukaniita. "Hayo maua hayasomi. Yachume!" Basi nikawa Mwalimu mbele ya majirani wote, na sikufundisha mtu yeyote maishani mwangu. Nilikukasirikia wiki nzima, halafu nikaanza kukupenda, sijui hata ilianzia wapi.

Tata alianguka kwenye pareto hiyo hiyo. Naandika Tata, yaani Baba, kwa sababu mdomo wangu haujawahi kumwita mumeo kwa jina lingine, na hata sasa siwezi kulitaja jina lake hapa. Ilikuwa mchana mweupe. Kikapu kilimtoka, maua yakamwagika, naye akawa amelala juu yake, nusu ya uso imevutwa upande. Mume wangu Nyabuto alikuwa amekuja likizo kutoka mashamba ya chai ya Kericho, akambeba baba yake mgongoni mpaka nyumbani bila kupumzika. Lakini alipofika kwenye mlango wa chumba chenu cha kulala, akasimama. Kijana mwenye mabega yale, aliyezoea kubeba magunia, akamlaza baba yake kwenye ngozi hapo kizingitini, akageuka, akatoka nje akilia. Mtoto wa kiume aliyekwisha kutahiriwa haingii palipo na kitanda cha wazazi wake. Ukamshika Tata kwapani, ukamburuta ndani mwenyewe. Nawe hukuwa mtu mkubwa, Mama. Ulinifika begani.

Wajukuu zangu wa Nairobi huniuliza chinsoni ni kitu gani. Nawaambia ni haya, lakini haya yenye sheria. Mzazi na mtoto wake hawaonani uchi, hawataniani mambo ya mwili, na mkaza mwana kama mimi hata kumshika mkono baba mkwe wake ni mwiko. Mtoto wa binti au wa mwana anaweza kumpanda babu yake kichwani, hiyo haina neno, ila wangu wakati ule walikuwa bado wananyonya. Wajukuu wanacheka. Wanasema, "Sasa mzee akiugua?" Nami nawajibu, ndiyo hapo sasa.

Kwa sababu mgonjwa hawezi hata kujifunga mkanda mwenyewe. Nusu ya mwili wa Tata ilikuwa imekufa, kama alivyotuambia yule msaidizi wa kituo cha afya, na nusu iliyobaki ilikuwa na hasira. Alihitaji kugeuzwa, kuoshwa, kuinuliwa, kubadilishiwa. Boma lilijaa watu. Tulikuwa wakaza wana watatu, wote na nguvu za kuvunja kuni kwa goti, na hakuna hata mmoja aliyeweza kuvuka kile kizingiti. Kazi yetu ilikuwa kuchemsha maji, kuyaweka mlangoni na kukohoa. Wewe ulinyoosha mkono, ukalivuta karai ndani, mlango ukafungwa.

Nilikufahamu kwa masikio siku zile. Nikiwa jikoni nilisikia kitanda kikilia, kisha sauti yako, "Haya, shika kamba, baba. Vuta. Vuta tena." Ulikuwa umefunga kamba ya mkonge kwenye boriti ili ajivute kwa mkono wake mzima wakati unamgeuza. Nilisikia ukihema. Halafu kimya, halafu unamchekesha kwa jambo fulani la zamani, naye anajibu kwa ule mdomo uliopinda maneno ambayo mimi sikuelewa hata moja. Wewe uliyaelewa yote. Alisema "mmh-aa" ukajua anataka uji wa wimbi na si wa mahindi. Sijui ulijifunza lini.

Shuka zake hukuniruhusu kuzigusa. Ulizipeleka mtoni mwenyewe, hata siku ya Sabato, na hapo ndipo mzee wa kanisa alipokuja kukuonya, amevaa koti lake la ibada, Biblia kwapani. Akakuuliza kama umesahau siku ya Bwana. Ulikuwa unaanika, hukugeuka hata kidogo. "Mzee," ukasema, "imeandikwa ng'ombe akitumbukia shimoni siku ya Sabato atolewe. Mimi wangu hutumbukia kila asubuhi." Yule mzee akaihamishia Biblia kwapa la pili, akashika njia ya lango. Nilicheka mpaka nikainama juu ya kinu. Wewe hukucheka. Mkono mmoja ulikuwa kiunoni, na nikaona jinsi ulivyoinuka kutoka kwenye beseni: kwanza kichwa, halafu mabega, halafu ukangoja kidogo ndipo mgongo ukafuata.

Mgongo wako ulikuwa unaisha, Mama. Sote tuliona. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wanasema, lakini sisi tuliuona uzito wake vizuri na bado mikono yetu ilikuwa imefungwa.

Kisha chifu akaitisha baraza pale sokoni Nyaramba. Tulikaa nyuma na wanawake wenzetu, tukisuka vikapu, tukisikiliza nusu nusu kama ilivyo desturi ya baraza, hadi chifu aliposema serikali sasa inataka kuwajua wazee wanaowauguza watu wao. Atakuja afisa wa maendeleo ya jamii, aingie nyumba kwa nyumba. Asiye na mtu wa kumsaidia atapewa unga, sabuni na blanketi, na kama kuna mgonjwa asiye na wa kumtunza kabisa, serikali itamchukua, itampeleka hospitali mjini Kisii. Wewe ukaacha kusuka. Ukaninong'oneza, "Mwalimu, amesema watawatazama na wale wanaouguza?" Nikasema ndiyo, Mama. Ukaendelea kusuka, lakini ulikosea mstari, ukaufumua. Nilijua umeanza kutumaini, na roho yangu ikaniuma kwa sababu hukuwa mtu wa kutumaini ovyo.

Afisa alikuja. Alikuwa kijana wa Pwani, mwembamba, viatu vimejaa tope letu jekundu, jina lake Bwana Athumani. Alifuatana na naibu wa chifu, Mzee Onchari, ambaye ni binamu wa Tata, kwa hiyo naye ni baba mkwe wangu, na mbele yake natazama chini. Afisa alikuamkia, "Shikamoo, mama," ukanigeukia ukaniuliza kwa Kigusii huyu anaomba nini. Nikakuambia anakusalimu kwa heshima. "Basi mwambie aketi," ukasema, "heshima haikai imesimama." Kiswahili hukuwa nacho hata cha kununulia chumvi. Hivyo mimi nikawa mdomo wako.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Aliuliza Tata ameugua tangu lini, nikatafsiri. Aliuliza anakula nini, nikatafsiri. Halafu akafunga macho kidogo kama mtu anayetafuta neno la upole, akauliza:

"Na kuoshwa, mzee anaoshwa na nani? Kunyanyuliwa, kubadilishwa nguo, nani hufanya hayo?"

Mama, ulimi wangu uligeuka jiwe. Ningekuulizaje swali hilo, mimi mke wa mwanao, juu ya mwili wa mumeo, na Mzee Onchari amesimama hapo? Nikamtazama Mzee Onchari, yeye akatazama mawingu. Wewe uliona uso wangu ukajua limeulizwa lile lisiloulizika, ukaanza kupangusa kigoda kilichokuwa safi. Watu watatu tulilijua jibu, na sote watatu tulinyamaza kwa heshima.

Afisa akangoja. Akawaona wenzangu wawili wakipita na mitungi kichwani, wamenyooka kama nguzo. Akanitazama na mimi, mikono yangu hii. Akatabasamu. "Basi nimeelewa," akasema. "Mama huyu hana taabu, ana wakwe watatu wenye nguvu. Msaada ni wa wale wasio na watu." Halafu tabasamu likamwondoka, akauliza kwa nini basi bibi amepinda hivyo kama wakwe wanamsaidia. Nikatazama miguu yangu. Nadhani hapo alituona watu wabaya, sisi vijana tunaokula na kunenepa huku kizee kinavunjika. Akasema kwa ukali kidogo, "Kama nyumba yote hii inashindwa kumtunza mzee mmoja, basi Alhamisi nitaleta gari. Atakwenda hospitali."

Wakaondoka. Nilidhani Mzee Onchari atamweleza njiani, mwanamume kwa mwanamume. Baadaye alisema yeye alidhani nitamweleza mimi, kwa kuwa Kiswahili nilikuwa nacho mimi.

"Amesema nini?" ukaniuliza.

"Amesema Alhamisi watamchukua Tata kwa gari."

Ulikaa chini pale pale, juu ya majani ya migomba tuliyokuwa tumewakatia ng'ombe. Hukupiga kelele. Ulisema tu, "Kule nani atajua anasema nini? Akiomba maji watamletea shuka. Akisema anaumwa watadhani anaimba. Atakufa na kiu katikati ya watu wema." Kisha ukasema neno ambalo bado linanichoma: "Mimi niliomba mikono. Sikuomba aondolewe."

Siku zilizofuata boma lilikuwa kama lina msiba. Nyabuto alikuwa amerudi Kericho. Wenzangu walikupikia mboga za saga kwa maziwa, hukuzigusa. Nilitaka kwenda hadi ofisini kwa afisa, nikafika njia panda nikarudi, kwa sababu maneno ya kumwambia yalikuwa ni yale yale, na hata peke yangu njiani nilipojaribu kuyatamka niliona aibu mbele ya mashina ya miti. Usinicheke. Ndivyo tulivyolelewa, wewe ukiwa mmoja wa waliotulea.

Alhamisi Landrova ikapanda mlima ikinguruma. Afisa akashuka, na vijana wawili na machela. Mzee Onchari akashuka nyuma yao, uso umemshuka. Nilikuwa najifuta machozi kwa leso nilipokuona unatoka ndani. Ulikuwa umevaa gauni lako la Sabato siku ya Alhamisi. Ukapita mbele ya afisa, ukapita mbele yangu, ukaenda moja kwa moja kwa yule ndama mwekundu aliyefungwa kwenye kigingi karibu na jiko. Ukamshika sikio.

"Ndama," ukasema kwa sauti ya kusikika, "nisikilize vizuri, maana hapa wewe tu ndiye usiye na haya."

Obee! Mzee Onchari alikuwa mtu wa kuelewa upesi. Akakumbuka ghafula kwamba ua wetu una tundu, akaenda kulikagua upande wa pili wa nyumba. Mimi nami nikaelewa. Nikakupa mgongo, nikasimama uso kwa uso na mgomba.

"Mwambie huyo mgeni wa watu, ndama, kwamba hawa mabinti si wavivu. Hawa wangenibebea hata mlima. Lakini mume wangu ni baba yao, na baba haoshwi na mtoto wake. Hata wanangu niliowazaa hawawezi. Ni mimi peke yangu, na mgongo wangu umekataa."

Nikauambia mgomba hayo yote kwa Kiswahili. Sikuruka hata neno.

Nyuma yangu nikamsikia afisa akiuliza, amechanganyikiwa, "Samahani, huyu mama anasema na nani?"

"Na ndama, bwana," nikajibu bila kugeuka.

"Na wewe?"

"Mimi nasema na mgomba. Wewe sikiliza tu."

Wale vijana wa machela walikuwa Wagusii wenzetu, wameinamisha vichwa, mmoja anajikanyaga mguu asicheke. Kisha nikasikia kigoda kikivutwa. Afisa alikuwa ameketi. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa nyingine kabisa.

"Kwetu nako mkwe ana haya zake," akasema taratibu. "Mama yangu hajawahi kula mbele ya mume wa dada yangu. Mbona hamkuniambia?" Akajijibu mwenyewe, "Ah. Mngeniambiaje?" Halafu, Mungu ambariki popote alipo, akafanya jambo ambalo sikulitegemea kwa mtu wa ofisi. Akasema, "Hebu, dada, umwambie mgomba amwulize ndama: ni nani anayeruhusiwa?"

Ulicheka, Mama. Mara ya kwanza tangu pareto imwagike. Ukamjibu ndama kwamba anayeruhusiwa ni mtu wa rika lake Tata, aliyetahiriwa pamoja naye, maana wale waliumia juu ya jiwe moja la tohara na hawana cha kufichana. Na wa rika hilo aliyebaki hai karibu yetu ni mmoja tu, Ombasa wa ng'ambo ya kijito, mjane mwanamume, maskini, ambaye angekuja hata sasa hivi, lakini alifanya vibarua kwenye mashamba ya watu tangu jua linachomoza mpaka linazama, la sivyo angelala njaa.

Mgeni njoo mwenyeji apone. Sisi wenyeji tungekaa na haya yetu mpaka Tata atoke kwa machela. Afisa aliwaambia wale vijana wairudishe kwenye gari. Unga na sabuni, akaamua, vitakuja nyumba mbili, kwako na kwa Ombasa, ili Ombasa aache vibarua vya asubuhi na aje kukusaidia kumwinua mzee. "Mimi kazi yangu ni kusaidia wazee wanaotunza wazee," akasema, "na hapa naona wawili." Alimaanisha wewe na Ombasa. Sikutaka kuutafsiria mgomba hilo. Niligeuka nikakuambia mwenyewe.

Miaka iliyofuata ndiyo ninayoitamani nikikukumbuka. Ombasa alikuja kila asubuhi na ugoro wake na matusi yake. Loo, yule mzee! Alianza kumtukana Tata akiwa bado kijitoni: "Wee mlemavu, bado hujafa? Nimekuja kukuosha makalio, uyaandae!" Sisi wakaza wana tulikimbia kila mmoja upande wake na vidole masikioni. Na kutoka chumbani, Mama, ikaja ile sauti, Tata akicheka. Mdomo umepinda, nusu ya mwili imekufa, lakini kicheko kilikuwa kizima. Nilikuona umesimama uani, mikono mitupu, hujui uifanyie nini asubuhi isiyo na karai. Ukachukua jembe, halafu ukaliweka. Ukaja ukaketi karibu na meko yangu, nikakupa uji, ukaunywa ungali moto. Nadhani ulikuwa uji wako wa kwanza wa moto tangu siku ile.

Serikali ile tuliilaumu kwa mengi, na bado tunailaumu, hata watoto wetu wamerithi kazi hiyo. Lakini blanketi lake lilikuwa zito, na unga wake haukuwa na wadudu, isipokuwa mara moja. Haki ya mtu mpe.

Tata alifariki alasiri moja ya mvua ndogo, kitandani kwake, Ombasa akiwa amemshika mkono mzima na wewe ule uliokufa. Neno lake la mwisho ulilielewa wewe peke yako na hukutuambia. Hatukukuuliza. Ombasa ndiye aliyemwosha mara ya mwisho, na siku hiyo hakutukana. Msibani hukulia. Wanawake walianza kunong'ona, unawajua, wakisema umekuwa mkavu kwa kuchoka naye. Ningeweza kuwapiga. Ulipika, ulipokea watu, uliwapa wageni viti, ulikaa karibu na kaburi umenyooka kadiri mgongo wako ulivyokubali.

Kisha, baada ya watu kutawanyika, Landrova ikapanda tena. Bwana Athumani alikuwa ameleta unga wa mwezi ule, habari hakuwa amezipata. Aliona kaburi, akavua kofia. Kisha akaniambia, kwa unyonge wa mtu anayesema neno asilolipenda, kwamba msaada ni wa nyumba yenye mgonjwa, na mgonjwa amekwenda, kwa hiyo na msaada unakoma. Nikakutafsiria. Ukaitikia kwa kichwa tu. Ukaniambia nimshukuru, na nimwambie aupeleke unga huo kwa mwingine, wako wengi.

Alikuwa amekwisha kushika mlango wa gari aliporudi. Mzee Onchari hakuwapo, hapakuwa na wa kuonewa haya. Akaja mpaka mbele yako, akainama macho yake yawe sawa na yako.

"Na wewe, mama?" akauliza. "Wewe mwenyewe unaumwa wapi?"

Nikakutafsiria. Ukanitazama. "Anauliza nani anaumwa wapi?"

"Wewe, Mama. Anauliza wewe."

"Mimi?"

"Ndiyo. Wewe."

Nilidhani utasema uko salama, ndivyo ulivyomjibu kila mtu siku zote. Ukashika shingo yako kwa nyuma. "Hapa," ukasema. Ukashika bega. "Na hapa." Mkono ukashuka kiunoni, ukashuka kwenye nyonga, kwenye magoti, ukageuza viganja vyako ukavionyesha, vidole havinyooki. "Na hapa. Na hapa." Na wakati huo machozi yalikuwa yameanza, yale ambayo wanawake waliyangoja msibani wakayakosa, yakakulowesha gauni lote la mbele. Mimi nikawa natafsiri, "hapa, na hapa," kama mjinga, neno ambalo mtu yeyote angeliona kwa macho. Yule kijana wa Pwani hakukatiza. Alisikiliza mpaka ulipomaliza mwili mzima.

Hakuwa na dawa. Alikuachia blanketi la gari lake, akaenda. Muda si muda akahamishwa, na aliyekuja nyuma yake hakupanda mlima wetu. Lakini wewe ulizungumza juu ya siku hiyo mpaka mwisho wako, kuliko ulivyozungumza juu ya unga. Ulipougua na wewe, miaka ya mwisho, nilikuosha mimi, maana mwanamke kwa mwanamke haya zake ni nyepesi, na ukaniambia nikikukanda mgongo, "Alinikuta mimi pia, yule mtoto. Kila mtu alikuja kumwona mgonjwa. Yeye alinikuta na mimi."

Mama, sasa ni zamu yangu. Nyabuto wako hatembei. Miguu imemkataa tangu mvua zilizopita. Mke wa kitinda mimba wetu ni muuguzi mjini Kisii, ana glavu, ana mafuta ya kila namna, akasema atamwosha baba, ni kazi yake. Nyabuto akajifunika blanketi mpaka utosini akasema afadhali anuke. Nilimgombeza, nikacheka, halafu nikainua karai. Wa rika lake hapa hakuna tena, wamekwisha. Pesa za wazee zinakuja kwa simu, zikipenda, nazo si haba, nashukuru, sabuni nanunua. Siwezi kusema serikali imetusahau.

Mwezi uliopita alikuja binti wa ofisi, mpole, amepanda pikipiki. Aliuliza umri wa Nyabuto. Aliuliza anakula nini, analala vipi, dawa anapata. Alimpiga picha, akammwagia pole nyingi, Nyabuto akafurahi. Nilikuwa nimesimama pembeni, nimevaa gauni langu la Sabato, na moyoni nilikuwa nimelipanga jibu langu lote, kutoka shingoni kwenda chini. Akaniaga vizuri sana. Pikipiki ikateremka.

Basi nakwambia wewe, Mama. Ni kiuno, na goti la kulia, na bega hili la upande ninaomwinulia. Vidole viwili havikunjiki tena, ndiyo maana mwandiko wangu unayumba. Na nimechoka. Sijamwambia mtu.

Pumzika huko kando ya mumeo, nami nitaendelea huku kando ya wangu.

Mkaza mwana wako,
Kwamboka